Jiko la bajeti ndogo: fedha zianze ukutani

Ukarabati wa jiko mara nyingi huanzia mahali pabaya, kwenye milango ya makabati. Mtu anaona picha ya makabati meupe, anahesabu milango, anamwita seremala, na fedha zikishaisha ndipo anagundua kwamba bomba lililo nyuma ya kabati jipya linavuja na soketi ni ile ile moja ya zamani iliyoungua upande mmoja. Kabati linang'olewa, ukuta unachimbwa, na kazi inalipiwa mara ya pili.

Kwa mwenye fedha za kuhesabu, mpangilio wa matumizi uwe huu: kwanza lipia kile ambacho kukirudia kutahitaji nyundo. Mabomba, njia ya maji machafu, nyaya na kaunta vikishafunikwa, kuvirekebisha ni kubomoa. Mlango wa kabati hufungwa kwa bisibisi, hata mwakani.

Ili hesabu zieleweke, tuchukue jiko la kawaida la nyumba ya matofali ya saruji Dar es Salaam: mita 3 kwa mita 2.4, dirisha moja, sinki dogo chini ya dirisha, soketi moja, sakafu ya saruji tupu, kaunta hakuna. Tunataka kaunta ya umbo la L, mita 3 upande mrefu na mita 1.8 upande mfupi, upana sentimita 60. Kabla ya kumwita fundi yeyote, chora jiko hilo kwenye karatasi yenye miraba, sentimita 5 kwa kila mita, na uweke kila kitu kilichopo: dirisha na kimo chake kutoka sakafuni, mlango na upande unaofungukia, tundu la maji machafu, bomba la kuingia, soketi. Pima kila ukuta mara tatu, chini, katikati na juu, kwa sababu kuta zetu nyingi hazijanyooka. Tofauti ya sentimita 2 kati ya chini na juu si ajabu, na kabati lililotengenezwa kwa kipimo cha chini pekee linaweza kugoma kuingia.

Sinki libaki lilipo

Uamuzi huu mmoja huokoa fedha kuliko punguzo lolote la dukani. Maji safi yanasukumwa, kwa hiyo bomba lake linaweza kupita popote. Maji machafu hutegemea mteremko tu. Bomba la kutoka kwenye sinki, la milimita 50, lishuke sentimita 2 kwa kila mita. Ukilisogeza sinki mita 2 mbali na tundu la kutokea, lazima zipatikane sentimita 4 za mteremko njiani, na kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa mara nyingi hazipatikani bila kuchimba sakafu na kutoboa ukuta upya. Fundi asipozipata atalilaza bomba. Litatiririsha maji vizuri kwa miezi ya kwanza, halafu mafuta ya kukaangia na ya tui la nazi yatashika tumboni mwa bomba tabaka baada ya tabaka, hasa miji ya baridi kama Iringa na Arusha, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwenye kona, mwambie fundi aweke elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90. Tofauti ya bei ni ndogo mno, na waya wa kuzibulia utapita.

Chini ya sinki lazima kuwe na trapu, ile kona inayobaki na maji muda wote. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa chemba wasipande. Bomba likishatoka nje, liingie kwanza kwenye gali trapu, yaani trapu ya nje iliyo ardhini, ndipo liende chemba.

Maji safi siku hizi hupita kwenye mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa joto, ya milimita 20, na hapa ndipo kazi mbaya hujificha vizuri zaidi. Bomba na kiungo chake huchomelewa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 tu kwenye mashine, na liingie ndani ya kiungo milimita 14. Fundi mwenye haraka huacha liive kupita kiasi kisha hulisukuma kwa nguvu, na plastiki iliyoyeyuka hujikunja kwa ndani. Kwa nje kiungo kinapendeza. Kikate kwa msumeno uone: kuna pete nene ya plastiki imezunguka tundu, njia imebaki ya upana wa penseli. Hapo tangi linaweza kujaa mpaka kufurika na koki bado itoe uzi wa maji. Hakuna dawa isipokuwa kukata na kuchomelea upya. Kwa hiyo mwombe fundi achomelee kiungo kimoja cha majaribio, kikatwe mbele yako, mkiangalie pamoja. Fundi anayejua kazi yake hataona vibaya.

Weka geti valvu, yaani koki ya kufungia maji, ya jiko peke yake, ili siku koki ikiharibika nyumba nzima isikose maji. Na kabla ya kufunika chochote, jaribu mabomba. Kwa pampu ya mkono, pandisha presha mpaka bar 10 na uiache saa nzima, mshale usishuke. Kama pampu haipatikani, fungulia maji ya tangi usiku kucha koki zote zikiwa zimefungwa, asubuhi pitisha karatasi ya chooni juu ya kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kisha piga picha kila ukuta huku futi kamba ikiwa imenyooshwa kwenye picha. Siku utakapotoboa ukuta kufunga rafu, picha hizo zitakuonyesha pa kutoboa.

Umeme wa kupikia

Jiko lenye soketi moja huzaa ekstensheni, na ekstensheni ya bei rahisi yenye birika na jiko la presha la umeme kwa pamoja ndiyo inayoyeyuka. Soketi zetu za pini tatu hubeba ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa volti 230. Birika peke yake linaweza kula 2,000.

Laini ya soketi za jiko itoke kwenye ubao wa breka peke yake, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 20. Hiyo inabeba wati 4,600: birika 2,000, maikrowevu 1,200, jiko la wali 700 na friji 150 ni 4,050, bado kuna nafasi. Weka soketi pacha tatu juu ya kaunta, angalau sentimita 15 kutoka uso wa kaunta, mbali na sinki nusu mita au zaidi, na kamwe zisiwe juu ya plati za moto. Ukidhani siku moja utanunua jiko kubwa la umeme lenye oveni, pitisha sasa hivi waya wa milimita za mraba 6 kwa breka ya ampea 32, hata kama ncha yake itafunikwa na kibao kitupu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka wa mwisho, na umeme ni sehemu ya safari hiyo. Ukuta ulio wazi leo ni nafasi ya kupitisha waya bila gharama ya kuchimba.

Breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja, si anasa jikoni, mahali ambapo mikono ina maji na sakafu ina maji. Na fundi umeme awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Kuna mafundi wazuri wasio na leseni, lakini kwa kazi inayofungiwa ndani ya ukuta mimi nisingekubali.

Kimo cha kaunta na mkono wa anayesonga ugali

Vipimo vingi vya makabati vinavyozunguka mtandaoni vinasema kaunta iwe sentimita 90. Kwa kukata kitunguu na kuosha vyombo, kipimo hicho kinamfaa mtu wa urefu wa wastani: uso wa kazi uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Mwambie anayepika zaidi nyumbani asimame wima akiwa na viatu anavyovaa jikoni, akunje mkono, pima kiwiko kutoka sakafuni, toa 12. Basi.

Shida inakuja kwenye moto. Jiko la gesi la mezani lina kimo cha sentimita 11 hivi, sufuria ya ugali ya familia sentimita 17 au zaidi. Ukiliweka juu ya kaunta ya 90, mdomo wa sufuria unafika sentimita 118, na mkono unaoshika mwiko unapanda karibu na bega. Ugali hausongwi kwa mkono ulioinuliwa. Nguvu inatakiwa ishuke kutoka begani. Matokeo yake ni mama anayesimama juu ya kigoda, au sufuria inayoshushwa sakafuni kila jioni pembeni ya kaunta iliyogharimu fedha nyingi. Jenga sehemu ya moto chini zaidi: upana wa sentimita 70, kimo cha sentimita 70. Sufuria itafika 98, chini kidogo ya kiwiko cha mtu wa mita 1.60. Kwenye kaunta ya zege ngazi hiyo haiongezi gharama ya maana, inaongeza ubao mmoja wa kufungia. Ninashangaa kwa nini bado si kawaida kwenye nyumba zetu.

Mtungi wa gesi usikae ndani ya kabati lililofungwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, hujaa kabatini, na cheche ya friji inatosha. Mtungi ukae nje, umesimama wima, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli na kivuli, mbali na mlango wa chemba ili gesi isishuke humo, na bomba lipite ukutani ndani ya kipande cha bomba kikubwa zaidi. Kama hakuna namna ila ndani, basi sehemu ya mtungi isiwe na mlango, na ukuta wa nje utobolewe tundu usawa wa sakafu. Jaribu viungo kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa.

Kaunta ya zege

Kwa bajeti ndogo, hasa ukanda wa pwani, sioni kinachoishinda. Hailiwi na mchwa, haivimbi, na inabeba kinu.

Nunua sinki kwanza, na ujue jiko lako la gesi lina upana gani, kabla zege halijamwagwa. Tundu la sinki hutengenezwa kwa kisanduku cha mbao ndani ya fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege. Kulikata baadaye kwa grenda ni vumbi, nyufa na nondo zilizokatika. Sinki liwe la bakuli moja pana linaloingiza sufuria yako kubwa kuliko zote ikiwa imelala, badala ya bakuli mbili finyu. Koki iwe na shingo ndefu: kutoka chini ya bakuli mpaka mdomo wa koki pawe na sentimita 45, ili ndoo ya lita 20 iingie. Palipo na mgawo wa maji, koki fupi ni kero ya kila siku.

Vikuta vinne vya tofali za inchi 4 vinagawa upande wa mita 3 katika nafasi tatu za karibu sentimita 87. Bamba liwe la unene wa sentimita 7.5. Eneo la L yetu, kona ikihesabiwa mara moja, ni mita za mraba 2.5, kwa hiyo zege linalohitajika ni karibu mita za ujazo 0.2: kwa mchanganyiko wa 1:2:4, saruji mfuko mmoja na theluthi, mchanga ndoo 4 na nusu, kokoto ndoo 9, ndoo zikiwa za lita 20. Nondo za milimita 10, tatu za mita 12 zinatosha: nne zikilala kwa urefu wa kaunta, nyingine zikikatiza kila sentimita 20. Nondo zikae sentimita 2 kutoka chini ya bamba, juu ya vijiwe vya zege. Kosa ninaloliona sana ni nondo kuachwa zilale juu ya ubao, halafu fundi anazivuta kwa mkono zege likishamwagwa. Nyingine zinabaki zimegusa ubao, zinapata unyevu wa sinki, zinashika kutu, na kutu ikivimba inabandua zege kwa chini. Maji ya kuchanganyia yawe machache. Zege la majimaji ni rahisi kusambaza, ila ndilo linalopasuka.

Mwagilia siku 7, asubuhi na jioni, ukifunika kwa magunia. Mbao za chini zisitolewe kabla ya siku 10.

Uso wa juu unategemea mfuko. Marumaru, yaani vigae, ndiyo nafuu zaidi, lakini manjano na mafuta ya pilipili huingia kwenye viungo na kubaki. Acha nafasi za milimita 2 tu na utumie grauti (kijazio cha viungo) ya epoksi au ya rangi ya giza. Terazo inapendeza na haina viungo, ila ndimu na siki huila ikaacha madoa meupe. Graniti haijali ndimu, na ukiuliza kwa wakata mawe kuhusu mabaki, upande mfupi wa mita 1.8 unaweza kupatikana kwa bei ya kipande.

Kwa sakafu, marumaru za sentimita 60 kwa 60 zinaingia 5 kwa 4 kwenye jiko letu. Boksi la vipande vinne lina mita za mraba 1.44, maboksi 5 yanatosha kwenye karatasi, nunua 6, na hakikisha namba ya toni, yaani ya rangi, iliyochapwa kwenye boksi ni moja kwa yote. Chagua zenye uso wa kukwaruza. Zile zinazong'aa, zikidondokewa na mafuta, ni hatari kwa mtu aliyebeba maji ya moto. Ukutani, juu ya kaunta, tumia za 30 kwa 60 zikisimama: kimo cha sentimita 60 ni kigae kimoja kizima, hakuna kukata, 16 zinamaliza mita 4.8, na mbili za ziada.

Usikubali marumaru zibandikwe kwa madonge matano ya saruji. Kati ya madonge kunabaki uwazi; ukigonga kwa fundo la kidole unasikia mlio wa debe tupu, na sufuria ikianguka hapo ndipo panapovunjika. Marumaru za poselini hunyonya maji chini ya asilimia 0.5, kwa hiyo saruji tupu haina pa kushika. Zinahitaji gundi yake, isambazwe kwa mwiko wa meno ya milimita 10. Kwa sakafu, ukuta na juu ya kaunta, jumla ni mita za mraba 12.6, kwa kilo 5 kwa kila mita, mifuko 4 ya kilo 20.

Makabati mwisho, na si lazima yote

Vikuta vya kaunta vikishapigwa lipu na kupakwa rangi ya mafuta, tayari una rafu. Mapazia yanaweza kushika nafasi ya milango mwaka mzima. Fedha zikipatikana, anza na milango ya aluminiamu, na kwa mbao tumia marine bodi (plaiwudi inayostahimili maji) chini ya sinki hata kama kwingine utatumia MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. MDF ikinyonya maji ukingoni huvimba na hairudi. Bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Zanzibar humaliza bawaba za kawaida haraka. Sehemu ya chini ya kabati irudi ndani sentimita 8, ili vidole vya miguu viwe na pa kukaa.

Kuhusu mafundi: orodha ya vifaa iandikwe na fundi, ikaguliwe na fundi wa pili, ununue mwenyewe. Patana kwa kazi nzima, maana ya kutwa hurefuka. Malipo yaende kwa hatua: asilimia 30 mabomba na nyaya zikishajaribiwa, 40 kaunta ikishavuliwa mbao, 20 marumaru zikiisha, na 10 ibaki wiki nzima. Kando ya hayo tenga asilimia 15 ya bajeti kwa lile litakaloonekana ukuta ukifunguliwa, kwa sababu kuna kitu kitaonekana. Na panga mapema familia itapikia wapi kwa wiki tatu. Chakula cha kununua kila siku kinaweza kumeza fedha za sinki.

Asilimia 10 ya mwisho ilipwe baada ya ukaguzi huu: jaza sinki mpaka juu, fungua kizibo kwa mkupuo, shika viungo vya chini kwa mkono mkavu. Washa birika na maikrowevu pamoja kwa dakika 10, gusa soketi. Ikipata joto, waya haujabanwa vizuri. Gonga kila kigae. Bonyeza kitufe cha majaribio cha breka ya kuvuja umeme, ikate papo hapo. Mwaga kikombe cha maji sakafuni uone yanaelekea wapi. Vigae vilivyobaki vifunge ndani ya boksi lao lenye namba ya toni, uviweke stoo. Kitakapopasuka kimoja baada ya miaka mitatu, dukani hutakipata cha rangi ile.